Nani Anaenda Kampala na Sufuria?

Siku ya kwanza, lundi tarehe 1 desemba

Kampala! Naandika tena: Kampala!

Osée amepiga telefone asubuhi, mbele niende ku masomo. Anasema: Rébecca, mukuje Noeli huku, weye na mama. Siku chache tu, kutoka 22 mpaka 30, kisha murudi kufanya Bonne Année nyumbani. Kaka yangu mwenyewe, ule mutu wa kutuma message mara moja kwa mwaka! Tangu alivuka mupaka kutafuta kazi ya garage, hatujaonana uso kwa uso. Sasa ana bibi, Jemima, na wana mutoto wa miezi tatu. Walimupatia jina ya mama: Félicité. Tumemuona mu picha tu.

Nilikata simu nikarukaruka mu cuisine sawa wanafunzi wangu wa troisième wakisikia kengele. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba. Mama alikuwa anachambua maharagi. Nikamuambia: Mama, tunasafiri!

Hakuuliza wapi. Hakuuliza lini. Alisimama wima, maharagi ikamwangika chini, akasema: "Nani anatufukuza?"

Nilicheka mpaka machozi. Sasa niko naandika, sicheki tena.

Siku ya tatu, tarehe 3 desemba

Mama hajasema ndiyo, hajasema hapana. Anasema "tutaona". Ile tutaona yake naijua, inaweza kukaa mpaka Pasaka.

Haya, niseme ukweli, hakuna mutu mwingine anasoma hii cahier. Mama hajasafiri ata siku moja mu maisha yake. Kukimbia, ndiyo. 2003 alikimbia kwa miguu mpaka Beni, miye ku mugongo, Osée ku mukono, sufuria ku kichwa. 2018 tulitoka ku kijiji yetu, upande wa Djugu, tukaingia Bunia, tukabakia hapa Mudzipela. Sufuria ile ile. Kila mara alitoka ku mulango yake, kulikuwa kitu nyuma inamusukuma. Mpaka leo analala na viatu ya kufunga kamba karibu na kitanda. Na ku mulango iko furushi yake tayari: sufuria, blanketi, chumvi, karatasi za shamba mu sachet. Asubuhi nikitoka mbio, nagonga kidole ku ile sufuria. Natukana. Kimoyomoyo, lakini natukana.

Na hapa avenue mama iko na sifa. Wanasema: "Mama Osée ananusa vita." Juu 2018 alifunga mizigo siku moja kabla ya watu wote. Jirani walimucheka. Kesho yake hakuna mutu alicheka. Wengi wa wale tulikimbia nao tunakaa nao hapa, na wanafundisha wageni: ukiona Mama Osée anafunga, na weye funga. Wanafikiri wanamusifu. Miye naona wamemubebesha muzigo, na magoti yake inauma tayari.

Noeli hii nataka kitu moja. Mama asafiri na sakoshi. Sakoshi tu, ku mukono, sawa bamama ya Kinshasa mu télé! Atoke ku mulango juu anapenda kutoka. Basi. Ile ingine yote — taa za Noeli, magorofa, zile ngazi zinatembea zenyewe — ni sukari ya juu.

(Wapi! Na ngazi pia naitaka sana. Osée anasema unasimama tu, inakupandisha. Nitapanda mpaka wanifukuze.)

Siku ya posho, samedi tarehe 6 desemba

AMESEMA NDIYO!

Ni mutoto alimushinda. Osée alipiga, mutoto akalia mu telefone, sauti ya kukwaruza kabisa. Mama akachukua simu, akaweka ku sikio, akafunga macho. Akasema: "Huyu iko na njaa. Huyu bibi yako anamunyonyesha namna gani?" Kisha akanirudishia simu. "Rébecca, ile gari inatoka siku gani?"

Nikamukamata mikononi nikamuzungusha! Akapiga kelele eti nitamuvunja.

Mbio mbio ku photo, juu ya karatasi za kuvuka mupaka. Mama alivaa kikwembe yake ya kanisa. Wa photo anamuambia: mama, usicheke. Mama anajibu: "Nani anacheka?" Kumbe alikuwa anacheka! Walirudia mpaka mutu wa photo akachoka naye akaanza kucheka. Mu ile wamechagua, mama anafunga mudomo sawa mwizi wa sukari.

Nimemununulia pia sakoshi. Nyekundu-nyeusi, iko na kifungo cha kung'aa. Anaifungua, anaifunga, tak, tak, tak. Jioni yote. Nilimuacha tu.

Siku ya ine, tarehe 11 desemba

Tumegombana. Juu ya sufuria.

Nimekuta sakoshi ku musumari, na mama ameshinda siku yote anafunga. Matela ya sponji ya kulalia, amekunja na kamba. Bidon ya mafuta ya mawese. Unga. Blanketi. Na sufuria, ile nyeusi ya mikono miwili, imefungwa ndani ya kikwembe sawa mutoto.

Nikasema: Mama, Osée iko na sufuria. Kampala nzima iko na sufuria!

Anasema: "Nyumba utapata. Nguo watakuhurumia, watakupatia. Lakini ukiazima sufuria, utapika wenyewe wakishiba. Mutu anakimbia anaacha vyote, sufuria haachi."

"Mama, hatukimbie!"

"Nimesikia."

Na kuendelea kufunga. Nikatazama vizuri: mu ile matela kuna jembe! Jembe! Nikauliza, hii ni ya kulima wapi, ku goudron, ku lami ya Kampala? Akanijibu bila kucheka ata kidogo: "Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupatie jembe. Siye tunakaa siku zaidi ya mbili. Basi nabeba yangu, nisiwasumbue kutafuta."

Nilitoka inje nikachekea nyuma ya choo. Niliporudi nikajaribu kukasirika tena, ikanishinda.

Tulipatana hivi: jembe inabakia. Matela, tutaona. Sufuria inaenda.

Siku ya Mungu, tarehe 14 desemba

Kanisani pasta aliita benye watasafiri wasimame, waombewe. Nilikuwa nimeinuka nusu, mama akanivuta kikwembe, nikakaa pwaa.

Ku njia akaniambia: "Safari haitangazwe. Unatoka, watu wanaona umetoka. Ni vile."

Miye nimekubali, na sababu yangu ni mbaya kuliko yake. Nikitangaza, avenue nzima italeta commissions. Huyu makayabu, ile samaki ya chumvi, ya shemeji yake, huyu kuku muzima wa binamu, huyu "uniletee tu viatu, pointure trente-neuf". Huwezi kukataa, watakuita mwenye roho mubaya. Basi kimya! Tunajua siye wawili, na directrice wangu, na mwenye agence ya gari. Tutapotea sawa mizimu, tutarudi na zawadi. Bien fait, shauri yao!

Siku ya tano, tarehe 19 desemba

VACANCES! Nimegawa bulletins. Nimefunga darasa. Nimefuta ubao mwenyewe na nikaandika juu yake "Joyeux Noël" na ua moja ubavuni. Ile ua imetoka sawa kabichi.

Nimesuka nywele. Nimepiga pasi vikwembe vyetu viwili, vya namna moja, majani ya kijani na ndege wa manjano. Jemima ameandika: wameshatafuta mahali mama atalala, karibu na mutoto. Usingizi utatoka wapi leo? Gari mpaka Mahagi, kisha mupaka, kisha bus kubwa mpaka asubuhi. Naijua kwa moyo sawa Baba Yetu.

Mama aliuliza kitu moja tu: tutapita karibu na kwetu? Nikasema ndiyo, route inapita pale. Alifungua sakoshi, akaifunga. Tak.

Siku ya posho, tarehe 20 desemba

Mama leo ameng'oa viazi vitamu vyote vya nyuma ya nyumba. Ata vidogo! Anasema vitaoza. Vitaoza siku nane?

Kisha amepeleka kuku wake watatu kwa Mama Arielle, jirani ya upande wa kushoto, ile anauza mikate ya kukaanga. Ametoka Butembo, mwanamuke wa maneno mengi, lakini roho safi. "Unichungie hawa," mama amemuambia. Mama Arielle akauliza: unaenda wapi, Mama Osée? Mama akajibu: "Pale tu." Na mukono yake ikaonyesha mahali popote.

Miye nilikuwa ku dirisha. Mama Arielle alibakia amesimama na kuku watatu kifuani, anaangalia shimo za viazi. Mafuta yake ilikuwa inaungua ku moto nyuma yake, hakusikia.

Nilijiambia: anaona wivu. Bure kabisa!

Siku ya Mungu, tarehe 21 desemba

Niandike polepole.

Kanisani asubuhi, chorale ilikuwa na mashimo. Siku ine tu ni Noeli, na sauti ya kwanza imebakia watu wawili! Nikafikiri malaria. Kurudi, naona avenue iko kimya. Hakuna radio. Hakuna mutoto inje. Kwa ule fundi wa baiskeli, wanapandisha bidon juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Kwa Mama Arielle, matela iko inje, imekunjwa, imefungwa kamba. Mume wake Kamate, ule motard, anafunga mupira ya mizigo nyuma ya pikipiki yake.

Nikamuuliza: Mama Arielle, munaenda wapi?

Aliniangalia vibaya. Sijawahi kuona aniangalie vile. "Kwenye munaenda nyiye," akasema. "Ungeniambia, Rébecca. Miye nakupatiaka mikate ya moto kila siku. Nina watoto. Ungeniambia tu."

Ee Mungu wangu! Nilielewa kwa mara moja. Viazi. Kuku. Matela ile mama alianika asubuhi ku jua mbele ya kila mutu. Sufuria ndani ya kikwembe. Na kimya yetu! Mama Osée anafunga na hasemi kitu — kwa avenue hii, ile ni kengele.

Nikapaza sauti pale pale, ku njia katikati: Hakuna vita! Tunaenda Noeli! Tunaenda kuona mutoto wa Osée Kampala!

Watu walitoka. Nikawaonyesha billets za gari. Nikawaonyesha picha ya mutoto. Mutu moja nyuma akauliza, taratibu: "Nani anaenda Kampala na sufuria?"

Hakuna mutu alicheka. Muzee moja akasema 2018 wengine walisema wanaenda harusi. Mwingine akasema hawezi kungoja apate maelezo, anatoka jua likizama. Mwingine: kama ni Noeli, kwa nini hamukusimama ku kanisa juu ya maombi? Nitasema nini? Eti nilikimbia makayabu ya shemeji?

Papa Lambert akafika, chef d'avenue, mukubwa wa njia yetu. Mutu mupole, anaongea sawa anasoma tangazo. Aliingia ndani kwetu, akakaa, akakubali maji. Akasema ameniamini. Amepiga telefone huku na kule, hakuna habari ya mubaya. "Lakini, madame Rébecca, miye kuamini haisaidie. Kesho asubuhi wakiona mama yako anapanda gari na ile muzigo, nusu ya avenue inaenda nyuma yake. Watalala ku pori na watoto, Noeli. Nakulomba. Weye enda. Mama abakie."

Niliwaka! Nilimuambia yote, na heshima ilikuwa kidogo sana. Nilimuambia mama yangu haiko kengele ya kanisa. Haiko sirène. Ni mwanamuke, ana mujukuu, ana haki ya kutoka ku mulango yake sawa mutu yeyote! Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia ku magoti. Akasema: "Ni kweli." Na hakuondoa maneno yake.

Mama alikuwa ku kona. Nikamugeukia: Mama, sema kitu!

Akasema amechoka. Akaenda chumba yake bila kula.

Nimelia. Niandike pia ile. Nimelia sawa mutoto mudogo, nguo yangu ya ndege wa manjano ku magoti, imepigwa pasi muzuri. Osée anapiga, sijibu. Nimuambie nini? Eti mama anabakia juu ya sufuria?

Siku ya kwanza, tarehe 22 desemba

Niko mu gari. Ku agence, gari haijatoka, chauffeur anangoja mutu moja. Naandika juu ya goti, herufi zinaruka.

Asubuhi nilisikia mulango. Nikatoka mbio na kikwembe ya kulalia. Chumba ya mama wazi. Furushi haiko!

Nikatazama inje. Mama alikuwa anatembea katikati ya njia, amevaa ndege wake wa manjano, sufuria ku kichwa. Ku kichwa, mikono chini, sawa 2003. Na watu wote ku milango! Wale wamefunga mizigo, wamekaa juu yake, wanangoja tu. Mutoto moja alianza kulia. Nilifikiri: basi, imeisha. Ameenda kweli. Wote wanaenda.

Alipinda kwa Mama Arielle.

Moto ya mikate ilikuwa imezimwa. Mama akapiga magoti — na yale magoti! — akapuliza makaa mpaka ikawaka. Akaweka sufuria juu ya mafiga. Akamwanga maji. Akafungua sakoshi ya ku mukono, tak, akatoa maharagi mu sachet, akamwanga ndani. Polepole, sawa hakuna mutu anamuangalia. Avenue nzima ilikuwa inamuangalia.

Kisha akasimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mutu alisikia:

"Mama Arielle, nakuachia sufuria yangu. Munaijua wote. Miye naenda kuona mutoto ile wamepatia jina yangu. Narudi tarehe 30. Nikirudi, nataka kuikuta hapa hapa."

Mama Arielle alikuwa bado juu ya matela yake. Aliangalia sufuria, akamuangalia mama ku miguu. Nami nikaangalia. Mama hakuvaa viatu ya kamba. Alivaa sandales za kanisa, zile zinakatika ukitembea haraka!

"Hayo maharagi," mama akamuambia, "usiyaache yaungue."

Basi. Alishika mukono yangu, tukaingia ndani, nikavaa, sijui nilivaa namna gani. Sasa naona kikwembe yangu iko ndani-inje. Papa Lambert alivua kofia tulipopita. Matela yetu imebakia ku kitanda, blanketi, bidon, yote. Mama ana sakoshi. SAKOSHI TU! Lakini sikuwa na furaha vile nilipanga. Nilikuwa naangalia nyuma. Yule fundi wa baiskeli alikuwa bado juu ya mizigo. Mama Arielle alikuwa bado juu ya matela.

Kamate alitupakia ku pikipiki yake, siye wawili. Sasa amesimama pale, ng'ambo ya gari, anatungoja tutoke. Nafikiri wamemutuma aone kama kweli mama anapanda bila muzigo. Amekunja mikono. Miye ningefanya vile vile.

Mama iko ku dirisha. Mikono yake haijui iende wapi. Inagusa kichwa, inagusa goti, inafungua sakoshi, inaifunga. Ndani nimeona iko kitambaa, chumvi kidogo mu karatasi, na ile picha ya kwanza ya photo, ile anacheka.

Ameniuliza: "Umesema tarehe 30 ni siku gani?"

Siku ya pili, mama.

"Siku ya pili," akarudia. Akahesabu na vidole ku kifungo. Na nikawaza — mara zote tulitoka, hakuna mutu alituambia siku ya kurudi.

Chauffeur anapiga klaxon. Ule mutu wa mwisho amefika, na mbuzi! Wanagombana eti mbuzi ni abiria ao ni muzigo.

Telefone ya Kamate inalia. Anasikiliza. Anakuja huku. Uso wake siusomi kabisa. Anapitisha telefone ku dirisha: "Mama Osée, ni bibi yangu. Anakutaka."

Mama anashika simu na mikono mbili.

Nasikia sauti ya Mama Arielle mpaka hapa, anapiga kelele sawa siku zote: "Maji imekauka! Naongeza, ao naacha?"

"Ongeza!" mama anapaza sauti mu simu, gari nzima inageuka. "Ya moto! Ukiweka ya baridi hayataiva! Na matela yako ile, toa ku njia, kuku watanya juu yake! Umefungua kamba? ... Sikia ninakuuliza: umefungua kamba?"

Chauffeur amewasha gari. Kamate ananyoosha mukono apate telefone yake, anatembea pembeni yetu, sasa anakimbia kidogo, anacheka, na mama hamurudishie, anangoja jibu —